Saa Mia Nne na Ishirini Kijijini

Jumatatu, 21 Oktoba 2013

Nimeitwa kwa mkuu wa kitivo. Profesa Zaharia hakuniambia niketi. Rasimu yangu ya mtaala mpya ilikuwa mezani, kikombe cha kahawa juu yake — juu ya jina langu hasa!

"Daktari Tudora, saa mia nne na ishirini vijijini? Tunafundisha madaktari wa meno hapa au wachunga kondoo?" Akacheka peke yake.

Nikamjibu kwa hesabu, ndiyo lugha yangu. Kutoka kituo cha basi hadi mlango wa kitivo hiki, hapa Chișinău, mji mkuu, kuna kliniki saba za meno. Valea Nucului, kijiji nilikozaliwa, kina watu elfu mbili na mia tatu. Kliniki: sifuri. Mwaka jana tulihitimisha wanafunzi sitini na wanane. Waliokwenda kufanya kazi kijijini: mmoja. Naye kwa sababu kaoa huko!

Ndiyo maana nataka wakae kijijini muhula mzima, wiki kumi na nne, kabla ya kupewa shahada. Wafundishe watoto shuleni na kina mama, wazibe meno, wazuie yasioze. Si kungoja shavu livimbe ndipo washike koleo.

Yeye anataka saa thelathini. Wiki moja, tena kwa hiari. Zilizobaki ziende kwenye somo la kupandikiza meno. Na nani anafundisha kupandikiza? Iurie, mkwe wake.

Baraza la kitivo linapiga kura tarehe 27 Novemba. Kabla ya hapo anataka nionyeshe jaribio moja "lenye matokeo". Sawa. Atayaona.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimepata siku! 21 Novemba, hram ya kwetu, sikukuu ya Malaika Mikaeli, mlinzi wa kanisa letu. Siku za kawaida ukigonga nyumba kumi, saba zina bibi na paka. Siku ya hram wote wanarudi: walioko Italia, walioko Moscow, hata ndugu wasiosemezana. Kila mlango uko wazi. Wanafunzi sita, jozi tatu, kioo na tochi, nyumba kwa nyumba. Kila jozi midomo arobaini. Mia na ishirini kwa siku moja! Zaharia hajawahi kuona takwimu kama hiyo, labda kwenye ndoto.

Nimempigia shangazi Fevronia.

"Njoo nao wote, binti yangu! Nitachinja bata."

Nikamwambia, shangazi, tunakuja kukagua meno.

"Nimesikia, nimesikia. Basi bata wawili."

Jumamosi, 9 Novemba

Nimewanoa wale sita tangu asubuhi. Namna ya kumwangalia mzee mdomoni bila kumwaibisha. Namna ya kumwambia mama asimpe mtoto chuchu ya plastiki iliyochovywa kwenye asali. Nikawaeleza kwamba marehemu mama yangu, wiki moja kabla ya arusi yake, jino lake zima lisilouma lilichongwa livikwe dhahabu, bibi harusi apate kumeta akicheka. Wakacheka wao. Mimi sikucheka. Mtu aliyelelewa hivyo anajua mambo mawili tu kuhusu daktari wa meno: kupamba na kung'oa. Ukimwambia njoo hali huumwi, anakuona umekosa kazi.

Wengi wao wamelipiwa karo na baba zao. Mimi karo yangu niliitoa Bologna, huko Italia, kwa kuosha vikongwe wa watu na kuwavisha, nikaanza mwaka wa kwanza nikiwa na miaka ishirini na tisa. Walikuwa wakiniita "shangazi" darasani. Haya, sasa shangazi ndiye anayesahihisha mitihani.

Lenuța ndiye pekee aliyeuliza swali la maana: tukishaona jino bovu, halafu? Nikasema tunaandika, tunampa rufaa ya wilayani. Akafunga daftari bila kuliandika jibu langu. Sikupenda alivyolifunga.

Alhamisi, 21 Novemba

Midomo tisa.

TISA!

Siwezi kuandika leo.

Ijumaa, 22 Novemba

Kichwa kinauma, wala si kwa divai.

Nyumba ya kwanza, kwa mzee Harlampie, nilikuwa nao mwenyewe. Tumefika mlangoni na makoti meupe. Mzee akapiga makofi: "Kioo weka chini, shika glasi! Siku ya Malaika nani anafunguliwa mdomo bila kutiwa kitu?" Tukakaa. Hram hukatai. Ukikataa umemdharau mwenye nyumba, marehemu wake, na Malaika mwenyewe. Mchuzi wa kuku wenye tambi, samaki, sarmale zinafukuta mvuke, majani ya kabichi yamebana wali na nyama. Glasi ya kwanza ya Malaika, ya pili ya waliosafiri, ya tatu ya wenyeji waliosahauliwa katika zile mbili.

Saa sita nikampigia Lenuța. "Daktari, tuko nyumba ya pili. Wanasema hatutoki kabla ya bata."

"Toka!"

"Wameficha viatu vyetu."

Saa saba Zaharia akafika kuliona jaribio langu, na mgeni wake, mama mmoja mkaguzi wa wizara mwenye kofia ya manyoya. Wakawakuta wanafunzi wangu wawili uwanjani, katikati ya duara la ngoma ya hora, wanaruka. Mmoja ameshika kioo cha meno juu ya kichwa kama ua. Wanakijiji wanampigia vigelegele: "Daktari! Daktari!" Zaharia hakukasirika. Alitabasamu. Afadhali angekasirika.

Wa kulaumiwa ni nani? Mimi. Mgeni kutoka mjini asingechagua siku ile kwa sababu asingeijua. Mimi niliyezaliwa pale nilihesabu milango, sikuhesabu meza. Nilijua itakuwa wazi, nikasahau inafunguliwa kwa ajili ya nini.

Jumapili, 24 Novemba

Lenuța kapiga simu. Nilidhani anaomba msamaha. Kumbe ana taarifa.

"Daktari, pale kwa shangazi yako tulikuwa kumi na mmoja mezani. Waliokula bata ni wanne. Wengine walisukumia sahani zao upande wangu: kula, mwanangu, kula, umekonda. Nikadhani ni ukarimu. Baadaye nikaona hata zile kokwa ngumu za mjozi, bakuli zima, hakuna aliyegusa."

Valea Nucului maana yake Bonde la Mijozi, na watu wake hawawezi kutafuna kokwa la mjozi!

Halafu akaniambia la pili, kwa sauti ya chini. Mwanamke mmoja, Axenia, jirani ya shangazi, alimvuta uani. Akafungua kitambaa cha kichwani. Shavu limevimba hadi chini ya taya. Lenuța akamwambia twende zahanati sasa hivi. Axenia akauliza: "Nyinyi mnaondoka saa ngapi?" Saa kumi jioni. "Basi haidhuru, mwanangu. Nenda kale." Akafunga kitambaa, akarudi kubeba sahani.

Nimezunguka na hilo siku nzima. Nimempigia shangazi nikamwambia ampeleke Axenia wilayani hata kwa kumburuta. Akasema ana wageni hadi Jumatatu.

Nimeelewa sasa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kitivo hiki hakijawahi kufika siku ya tatu popote! Tunakwenda na basi, tunarudi na basi. Nani amkabidhi taya lake mtu anayetazama saa?

Nimeketi nikaandika kifungu kipya: wanafunzi waishi kijijini muhula mzima, na mwalimu aishi huko mwaka mzima, si kwenda na kurudi. Anayeondoka jioni ni mgeni, na kazi ya mgeni ni kula. Sentensi hiyo ya mwisho nimeifuta. Nikairudisha.

Jumatano, 27 Novemba

Naandika nikiwa ukumbini, nje ya chumba cha Baraza. Nimeomba robo saa. Zimebaki dakika chache.

Nilijiandaa kuulizwa juu ya hram. Nilikuwa na majibu ya kila kejeli. Hawakuigusa hata! Zaharia alifungua moja kwa moja kifungu kipya, akakisoma kwa sauti, polepole, kama sala. "Hii ndiyo busara, wenzangu. Mimi nabadili msimamo. Saa zote mia nne na ishirini. Lazima kwa kila mwanafunzi. Tunapiga kura leo hii." Wakaguna kukubali. Nikahisi joto usoni — nilitaka kulia, mjinga mimi.

Halafu: "Swali dogo tu. Mwalimu huyo ni nani?"

Kila mmoja ana sababu. Mmoja anaumwa mgongo. Mwingine ana mama mkwe mgonjwa. Wa tatu alikuwa anahesabu taa za dari.

"Daktari Tudora ni mwenyeji kule," akasema Zaharia. "Kifungu ni chake, lugha ni yake. Aende miaka mitano. Nafasi yake hapa Iurie ataishikilia, tusimwache na wasiwasi." Nikikubali, muhula unapita mzima. Nikikataa, saa thelathini za hiari, na waandike kwamba aliyeubuni hakuuamini.

Nikatoka. Nikampigia shangazi. Nikamwambia huenda nikarudi kuishi.

Akauliza: "Wamekufukuza, mwanangu?"

"Hapana, shangazi. Kazi."

"Kazi huku?" Akashusha pumzi. "Mtu harudi huku nje ya hram bila sababu. Watu nitawaambia nini?"

Nikauliza habari za Axenia.

"Walimchukua jana, hospitali ya wilaya. Wamempasua chini ya taya, wamemtia mpira wa kupumulia kooni. Anapumua."

Anapumua! Jino moja la chini. Mwaka jana lingezibwa kwa dakika ishirini.

Nimepiga hesabu ukutani, kwa kidole. Wanafunzi sitini na wanane mara miaka mitano, mia tatu na arobaini. Hata wakirudi kumi kati yao kuishi vijijini, ni vijiji kumi. Inatoka. Kila nikiipiga inatoka. Hilo ndilo linaloniudhi: kwamba mtu yule anaweza kunifukuza kwa jambo lililo sahihi, tena kwa maneno yangu mwenyewe, na nikakosa pa kumshika. Miaka kumi na minne kutoka Bologna hadi kile kiti. Nikisema ndiyo, nimemkabidhi kiti. Nikisema hapana, nimewakabidhi kina Axenia.

Katibu katoa kichwa mlangoni. "Daktari, chai imeisha. Wanakusubiri."

Mlango kauacha wazi. Nakiona kiti changu kutoka hapa. Iurie keshatundika koti lake juu yake.

Nasimama. Bado sijui nitawaambia nini. Lakini lile koti kwanza litoke.