Vitobo kwenye Picha ya Kifuniko

Kaka yangu,

Mwambie wifi gauni limefika. Linabana makwapani kidogo, lakini asijilaumu, ni mimi nimenenepa.

Kile kifuniko cha pampu ulichosubu kwa kumimina kalibuni mchanganyiko wa aluminiamu na shaba, kazi ya majaribio, kililetwa kwetu wiki hii. Unajua sisi huvipiga vyuma eksirei ili tuone ndani bila kuvikata. Picha ya chako ikatoka imejaa vitobo kama mkate. Fundi mwenzangu tunayemwita Miwani akasema, “Aliyesubu hiki alikuwa anasinzia.”

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kaka. Nilijua ni kazi ya mikono yako, nikanyamaza kama sikujui.

Msimamizi akataka kuona hivyo vitobo kwa macho yake, akakipasua kwa msumeno. Ndani palikuwa safi, hapakuwa hata na tundu la sindano. Kumbe bamba letu la kupigia picha ndilo lililokuwa na mikwaruzo na vidoa vilivyotokea kama vitobo, na zamu ya kulikagua asubuhi ile ilikuwa yangu.

Kazi umepata, watakuagiza vingine.

Msimamizi alikigeuzageuza kile kipande, akauliza, “Fundi huyu ni nani?” Hapo ndipo sauti iliponitoka, tena haraka kuliko wote: “Ni kaka yangu, tumbo moja.”

Miwani aliniangalia tu.

Mdogo wako, kama bado utaniita hivyo.