Sonata Aliyonigeuzia Aws

Al Khoudh, Maskati

Shangazi yangu Mahfoudha,

Nakuombea uzima huko Unguja. Huku joto limepungua, na Mama ameanza tena kutupikia bokoboko.

Nnakuandikia kwa sababu kwenye simu sitaki Mama anisikie nikilitamka jambo hili. Uliuliza kaka Aws atapiga fidla lini. Hatapiga, Shangazi. Daktari amesema vidole vya mkono wa kushoto havitarudi kama vilivyokuwa kabla ya kiharusi.

Tangu atoke hospitali hakutaka muziki nyumbani. Juzi nikamwekea mbele karatasi za sonata ya Kitaliano, ule muziki wa fidla aliokuwa akiupenda. Nikamwambia, "Nigeuzie niipige kwa filimbi. Si wewe uliyenambia Wafaransa wa zamani walifanya hivyo, walipoupenda muziki wa Waitaliano?"

Akashika kalamu. Kila palipoandikwa fidla ipige nyuzi mbili pamoja, alifuta sauti moja, maana filimbi haitoi mbili. Akanitilia na alama za kuvuta pumzi.

"Fidla haipumui," alisema. "Wewe unapumua."

Jana alasiri niliipiga sebuleni. Nilimwona Aws machozi yanamtoka, nikazidi kwenda polepole. Nilipomaliza, Mama alikuwa kasimama mlangoni.

"Tena," alisema Aws. "Na safari hii usinionee huruma."

Nikaipiga kwa kasi aliyoitaka yeye.

Mwombee, Shangazi. Ukimpigia simu, usimuulize habari za fidla. Muulize sasa anageuza sonata gani.

Mwanao akupendaye,
Hajar