Nyuma ya Shuka la Sinema

Kisarawe,
14 Septemba, 1955.

Kwa kaka yangu Mwishehe,

Shikamoo kaka. Nakuandikia nikiwa mzima, na nyumba nzima ni wazima, ila Mama anasumbuliwa na kikohozi cha vumbi hili la kiangazi, na mguu wa Bibi ni ule ule uujuao: asubuhi unamtii, jioni unagoma. Wewe huko Korogwe u hali gani? Mkonge bado unakuchoma mikono? Barua yako ya mwisho ilitufikia imelowa, tukaisoma nusu, na nusu tukaibuni wenyewe. Mama amebuni kwamba umenenepa, na anamshukuru Mungu kwa hilo kila siku, kwa hiyo tafadhali ukija usimwaibishe.

Habari za hapa ni nyingi. Najua wewe husema kwamba mimi nikianza kusimulia sifiki, lakini leo nitajitahidi kufika, kwa sababu mwisho wa barua hii nina jambo la kukuomba. Itabidi nianze na sinema. Baba mdogo Kibwana anasema mambo yote yameanzia kwenye mdomo wa Bibi, lakini mimi nilikuwapo, na yameanzia kwenye sinema.

Sisi huku sinema tuliyoizoea ni ile ya gari la serikali, inayotufundisha kuchimba choo na kupanda pamba kwa mstari. Basi mwezi uliopita akaja mfanyabiashara mmoja wa Kihindi kutoka Dar es Salaam, na lori lake, injini ya umeme na picha yake mwenyewe. Watu wanasema Bwana Shauri wa wilaya aliruhusu kwa sababu hadithi ilikuwa ya zamani mno, ya nchi ya mchanga na ngamia, hata hakuona kama inaweza kumdhuru mtu. Shuka jeupe lilifungwa kwenye goli la uwanja wa mpira. Wanaume wakakaa mbele, na sisi wanawake, kama ada yetu ilivyo, tukakaa nyuma ya shuka, ndani ya goli na kuendelea. Usituonee huruma. Picha inapenya shuka, na upande wetu hakuna vichwa vya watu warefu. Kilichotupungukia ni maneno tu, maana mkalimani, kijana wa mjini aitwaye Maneno, alielekeza bomba lake la sauti kwa wanaume, nasi tukawa tunapata mabaki.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mfalme mmoja alimiliki machimbo ya chumvi jangwani, na watumwa wake walichimba mchana kutwa na minyororo miguuni. Siku moja mfalme akapita, wote wakapiga magoti, isipokuwa kijana mmoja mrefu, mkimya. Akapigwa, akainuka. Akapigwa tena, akainuka tena. Mara aliyekuwa karibu naye akasimama, akafuata mwingine, ikafuata safu nzima, mpaka bonde lote likawa limesimama, watu wengi kama siafu. Kaka, uwanja wetu nao ukasimama! Maneno alijitahidi kutafsiri mpaka sauti ikamkauka, na nadhani hakuna aliyemhitaji tena. Kijana yule alikuja kufa kwenye lango la mji wa mfalme, lakini lango lilianguka na wenzake wakaingia. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Sauti iliyozishinda zote upande wa wanaume ilikuwa ya Mzee Mwinyijuma wa Kibaha, baba yake Mbaraka mchumba wangu. Kwa kuwa hukuwapo wakati wa posa, acha nikueleze alivyo. Ni mtu mkarimu, anaswali, ana mashamba mazuri kule Tangini, lakini uungwana wake anautembeza kama mtu mwenye baiskeli mpya. Siku ya posa aliuliza mbari yetu kabla ya kuuliza afya zetu. Baba mdogo akamjibu kwamba Bibi ni binti wa waungwana wa Kilwa, na mzee akaridhika. Siku ya sinema alikuwa amekuja kupanga na Baba mdogo siku ya nikaha yangu, akabaki kutazama. Basi ndiye huyo aliyekuwa akipiga kelele wafunguliwe, wafunguliwe! Mfalme alipoanguka kutoka farasini, mzee alivua kofia yake akairusha juu, ikapita juu ya goli, ikatua kwetu wanawake, miguuni pa Bibi.

Bibi aliiokota, akaikung'uta mchanga, akaiweka pajani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na nilipomuuliza kinachomchekesha akanionyesha kofia tu. Mzee Mwinyijuma aliona aibu kuja kudai kofia kwa wanawake, akalala kichwa wazi na asubuhi akaondoka hivyo hivyo kwenda Kibaha.

Kwa siku kadhaa mji mzima ulikuwa wa wachimba chumvi. Wanawake tulishikilia kwamba yule kijana ana shoto, maana tulimwona kwa macho yetu akishika upanga kwa mkono wa kushoto. Wanaume wakaapa kwamba ni mkono wa kulia. Ugomvi huo ulinunisha nyumba mbili tatu, mpaka Mwalimu Nikolaus wa misheni akatufahamisha kwamba anayetazama picha kwa nyuma huona kulia kushoto. Hatukumshukuru. Watoto nao walicheza vita vile kila jioni, lakini mchezo ulikuwa na shida moja: hakuna aliyekubali kuwa mfalme. Hatimaye ufalme akapewa mbuzi wa Mwalimu Nikolaus. Hata vijana wanaokaa barazani kuulizana mambo ya chama kwa sauti ya chini, siku hizo walipandisha sauti kidogo.

Mimi nilikuwa najiuliza ni kitu gani kilichotushika hivyo. Ni nchi ambayo hatuijui, watu tusiofanana nao, na maneno tuliyopewa nusu nusu. Nikamuuliza Bibi tukiwa uani, yeye anasuka ukili, mimi namenya mihogo. Hapo ndipo aliponiambia, bila kuinua macho kwenye ukili wake, kwamba hajui kilichowashika wengine, lakini yeye alikuwa anatazama watu wake.

Kaka, kaa chini kama umesimama. Bibi yetu hajapata kuiona Kilwa. Alizaliwa bara, Unyamwezi, akatekwa akiwa mtoto wa kubeba mzigo mdogo kichwani, akafikishwa pwani kwa miguu na kuuzwa Bagamoyo. Jina hili la Faida alipewa na aliyemnunua. Alilima mashamba ya minazi mpaka akawa mwanamwali, na enzi hizo, aliniambia, ilimbidi atoe shikamoo hata kwa mtoto wa bwana ambaye hajaota meno. Siku moja akachukua mtungi kama anayekwenda kisimani, akapita kisima, akaendelea kutembea. Hakukuwa na upanga wala lango la kuanguka. Alitembea na mtungi wake kichwani, kwa sababu mwanamke mwenye mtungi hakuna anayemuuliza aendako, na akafika huku Kisarawe kwa Babu yetu, aliyekuwa akilima peke yake. Babu alijua yote. Habari ya Kilwa waliitunga wawili, ili watoto wao wasiitwe wazalia, watoto wa mtumwa.

Nilimuuliza kama picha ilimuudhi, kwa kuwa haikufanana na yaliyompata. Akasema hapana, ilimfurahisha sana. Alisema alipokuwa njiani na ule mtungi, kilichomtisha kuliko kukamatwa ni kwamba alikuwa peke yake, na maisha yake yote amedhani kwamba anayekimbia huwa peke yake. Kumbe wanaweza kusimama bonde zima. Akasema tena kwamba kicheko chake siku ile kilitokana na kusikia waungwana wote wa wilaya hii wakiwashangilia watumwa, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nyuma ya shuka yuko mmoja wao, na kofia ya muungwana pajani.

Nilipomweleza Baba mdogo kwamba Bibi anataka ukweli usemwe kabla ya nikaha, aligeuka rangi. Alisema nataka kuua jina la nyumba, kwamba Mzee Mwinyijuma akisikia, Mbaraka nimemkosa, na baada yake hakuna wa maana atakayebisha hodi kwetu. Akaapa kwamba neno hilo likifika Kibaha yeye hatasimama kuniozesha. Nilimchukia siku ile. Sasa simchukii. Nimefikiri jinsi mtu anavyokua akiambiwa tangu utotoni amfiche mama yake mzazi, na nimemhurumia, ingawa bado hatusemeshani.

Sasa, kaka, nakuja kwenye lile ambalo Mama pekee ndiye aliyelijua. Baba mdogo tulimwambia nampeleka Bibi hospitali ya Dar es Salaam kutazamwa mguu. Hatukwenda hospitali. Tulipanda lori la mkaa mpaka mjini, tukachukua basi la njia ya Morogoro, tukashuka Kibaha, na mimi, mchumba wa watu, nikabisha hodi kwa wakwe kabla ya ndoa, nikiwa nimemshika Bibi mkono. Najua ungekuwapo ungenizuia. Nampenda Mbaraka, hilo hukuwahi kulisoma kwenye barua zangu, basi lisome leo. Lakini nilijua kwamba nikiolewa juu ya ule uongo, nami nitakuja kuwafundisha wanangu wamfiche Bibi.

Mzee Mwinyijuma alitupokea vizuri, akampa Bibi shikamoo yake kama kawaida, akamkaribisha kitini. Bibi akamkabidhi kofia. Mzee akacheka kwa haya, akasema sinema ile ilimtoa akili. Hapo Bibi akamwambia kwamba alimsikia siku ile akiwaombea watumwa wafunguliwe, na amekuja kumshukuru, kwa kuwa yeye ni mmoja wao. Akamsimulia yote, Unyamwezi, Bagamoyo, na mtungi, kwa sauti ile ile anayosimulia bei ya mihogo.

Mzee alikaa na kofia mkononi, haivai wala haiweki. Aliuliza mbona Kibwana alimwambia Kilwa. Bibi akamjibu kwamba Kibwana ni mwanawe na aliogopa, na kwamba uongo huo ni wake yeye na marehemu mumewe, kama kuna wa kulaumiwa alaumiwe yeye. Mzee akainuka, akatoka nje. Mama yake Mbaraka, Bi Mwanamkuu, alituletea wali na mchicha akala nasi, huku akimsogezea Bibi minofu ya samaki, lakini mzee hakurudi. Tuliondoka bila jibu. Ndani ya basi nililia mpaka Bibi akanifinya paja.

Zilipita siku nyingi, kaka, nami nikaanza kujizoeza kuishi bila Mbaraka. Jana amekuja kwa baiskeli, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Anasema baba yake alinuna muda wote huo, hasemi na mtu, akamwambia tu kwamba posa inaweza kurudishwa. Mbaraka akamjibu kwamba yeye ameniposa mimi, Siwema, na siyo Kilwa, na kama ni kurudisha, airudishe baba peke yake. Kisha juzi, baada ya swala, mzee akasema atakuja kwenye nikaha mwenyewe. Sijui kama moyo wake umegeuka, au anaona haya kwa kelele alizopiga mbele ya wilaya nzima. Kwangu yote mawili yanatosha. Ana sharti moja: hataki kusikia nikaha kutoka kwenye kinywa kilichomdanganya.

Na kabla Mbaraka hajapanda baiskeli yake kurudi, alimpigia Bibi goti akasema ameagizwa ujumbe mmoja na baba yake, nao ni kwamba anampa shikamoo. Mzee alikwishampa shikamoo mara nyingi huko nyuma, lakini zile zilikuwa za binti wa Kilwa. Bibi alimwinua kwanza kwa mkono. Kisha akaitika marahaba, kwa sauti ambayo jirani aliisikia akauliza ni mgeni gani aliyefika.

Ombi langu, kaka, ni wewe uje uniozeshe. Baba mdogo hataki, na mzee naye hamtaki. Shekhe amesema kaka wa baba mmoja mama mmoja ndiye walii wangu wa kwanza baada ya marehemu Baba, na kwamba Baba mdogo alikuwa amekushikia nafasi tu. Siku imewekwa ndani ya Mfungo Sita, kabla ya Maulidi. Najua ninachokuomba si kidogo. Utasimama mbele ya watu wa Kibaha na wa Kisarawe kama mjukuu wa Bibi, na kuna watakaonong'ona, na kunong'ona kwao kunaweza kukufuata mpaka huko Korogwe. Lakini tutakuwa wengi mbele yao: wewe, mimi, Mama, Mbaraka, na Inshallah siku moja Baba mdogo. Njoo, kaka.

Mama anakusalimu na anasema ujifunike shuka zito njiani. Mbaraka anakusalimu kama shemeji. Bibi naye anakusalimu sana. Nilimuuliza salamu zake niandike zimetoka kwa nani, maana hili la Faida sasa najua lilikotoka. Aliacha ukili wake. Akasema mama yake alimwita Kalunde, na kwamba tangu alipotekwa hajawahi kulitamka jina hilo mbele ya mtu, hata mbele ya Babu. Akaniomba nilitamke mimi, asikie kama bado ni jina la mtu.

Nimelitamka, kaka. Limeitika.

Mdogo wako akupendaye,
Siwema.