Nani Aliitwa Kwanza

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi. Usiisome barua hii jikoni, wala usiisome umembeba mtoto, maana nakujua, wewe ukishtuka unaachia ulichoshika. Natumaini u mzima, shemeji ni mzima na mguu wake umepona, na mpwa wangu ameshaota meno ya kutosha kumng'ata baba yake. Sisi huku kwa upande wa mwili hatujambo. Baba ni mzima, mama ni mzima, na mimi nazidi kupendeza, hata wanaonichukia wanakiri. Lakini kwa upande mwingine, dada, nyumba hii imepigwa na butwaa tangu juzi. Tunapishana ukumbini kama watu wanaosubiri daktari.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nyumba yetu unaijua: mtu akikohoa chumbani, jikoni wanampa pole. Maneno haya hayafai kusemwa kwa sauti bado, basi nimechukua kalamu, mimi ambaye mwalimu wangu wa mwisho alisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Vumilia.

Wewe uliolewa safari ya ng'ambo ikiwa bado haijazaliwa. Tulikwambia kwa simu kwamba Mungu ametuita kupeleka Injili kwenye nchi ya theluji, ukalia, ukasema Bwana asifiwe, ukaahidi kutushika mkono kila mwezi. Ila kazi yenyewe ya kutafuta wa kutushika mkono hukuiona. Ni kazi, dada. Mmisionari haondoki kama mtu anayekwenda sokoni. Huzunguka kanisa hadi kanisa, anajieleza, watu wanampima kwa macho, wanaahidi kumwombea na kumchangia. Kila Jumapili tulikuwa kwenye kanisa la wenyewe. Mama alitushonea sare kwa kitambaa kimoja, na kwa kuwa baba ni fundi wa masofa, kitambaa kilitoka karakana kwake. Tulipopanga mstari mbele ya madhabahu tulionekana seti kamili: kiti kikubwa, kiti cha kati na stuli. Stuli ni mimi, ingawa ni stuli yenye sura.

Tulichapisha na kadi zenye picha yetu, watu wabandike ukutani wasitusahau katika sala. Kwenye picha hiyo mimi nimefumba macho. Mpiga picha alitaka kurudia, nikamwambia aiache, watu watadhani naomba. Na kweli, mjane mmoja alimwendea mama akamwambia kijana wako ana uzito wa kiroho. Mama alinitazama njia nzima ya kurudi nyumbani, akiutafuta huo uzito.

Baba alihubiri, mama akaeleza habari za watoto wake wa chekechea na jinsi watoto walivyo wale wale popote, na mimi nikapiga kinanda na kuimba ubeti mmoja kwa lugha ya kule. Lugha hiyo tulifundishwa na mwanafunzi mmoja aliyekulia huko. Baba aliitafuna kama ana misumari mdomoni. Mama aliisema vizuri lakini kwa kunong'ona, kama anayeomba radhi. Mimi iliniingia. Nisijisifu, lakini nisipojisifu mimi nani atanisifu? Makanisani wakanipa jina la Chiriku. Kinyozi wa hapa jirani yeye alisema huyu hafuati wokovu, anafuata kupanda ndege, na baridi ikimng'ata mara moja atarudi kwa miguu. Nilimwambia amekosea, nafuata wasichana. Hivyo ndivyo nilivyomjibu kila aliyeniuliza, na wote wakaridhika.

Basi mambo yakaiva. Baba aliikabidhi karakana kwa fundi wake, yule tunayemwita Misumari. Mama aliaga darasa lake, watoto wakamwimbia, akarudi nyumbani na kuingia chumbani moja kwa moja. Nyumba ikapata mpangaji, karani mmoja mwenye haraka, ambaye ameshakuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yake. Ibada ya kutuaga ilikwisha kutangazwa. Kilichobaki ni kitu kimoja tu, mahojiano kwenye ofisi inayotutuma. Baba alisema hayo ni kama kunawa mikono, chakula kimeshapikwa.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la rangi na mabati. Unapanda ngazi huku harufu ya rangi inakukaba koo. Tulimkuta mchungaji mmoja mnene, mpole, anayejifuta jasho hata akiwa amekaa, na bibi mmoja aliyefanya kazi ng'ambo mpaka akazeekea huko, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Utaratibu wao ni kumwita kila mtu peke yake kwanza, halafu wote pamoja. Yule bibi alitueleza sababu bila kuzungusha: amewahi kuona familia zikipasukia kule mbali, kwa jambo ambalo lingeweza kusemwa hapa kwenye kiti cha plastiki.

Aliingia baba, akatoka akitabasamu. Akaingia mama, akatoka akiweka sawa kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimeharibika. Nikaingia mimi. Niliyoyasema huko ndani nitakwambia, usinisukume. Kisha tukaitwa wote.

Yule bibi alivaa miwani, akawatazama wazazi wetu kwa muda, akauliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Aliuliza, kati yenu wawili, nani aliitwa kwanza.

Baba alijibu upesi, tena kwa fahari. Alisema aliyeitwa ni mama watoto; yeye ni mfuasi tu, aliona mkewe ameguswa, akaogopa kusimama kati ya mke wake na Mungu.

Dada, mama aligeuza shingo polepole kama mlango usiotiwa mafuta. Akasema hapana. Akasema yeye hajawahi kuitwa popote. Aliyeitwa ni baba watoto, na yeye aliapa siku ya ndoa kwamba popote mumewe atakapokwenda atakwenda naye, ndiyo maana yupo.

Mchungaji aliacha kujifuta jasho. Chini dukani mtu alikuwa anakata bati, nikatamani asiache.

Baba alicheka kidogo, kile kicheko chake cha kumtuliza mteja, akamkumbusha mama ule usiku alipokuja mgeni kutoka kule kutuonyesha picha kanisani. Mama ndiye aliyeomba baada ya chakula, akasema Bwana, ukitaka kuitumia nyumba hii, sisi hapa. Mama akamjibu kwamba hayo huyaomba kila mgeni akiondoka. Akamuuliza kama amesahau kwamba hata alipokuja yule wa shule ya viziwi aliomba vile vile, na hakuna aliyekwenda kujifunza lugha ya ishara. Kisha sauti yake ikaanza kuyumba. Alisema kesho yake ni baba aliyeomba, akasema Bwana nimesikia, sitazuia. Yeye alipoyasikia maneno hayo alijua mume wake ameitwa, akasema Amina.

Baba akasema yeye aliposikia ile Amina jinsi ilivyotoka kwa nguvu, alijua hakuna kurudi nyuma.

Unaona, dada? Unaijua desturi ya nyumba yetu, wewe umekulia humo. Mtu akisema jambo katika sala halijadiliwi mezani. Ya Mungu ni ya Mungu, sisi tunaitikia. Basi yule akaomba kwa adabu, huyu akajibu kwa woga, yule akaitikia kwa mapenzi, na hizo Amina zikapandana kama matofali mpaka likawa ghorofa, na sisi tumo juu tunatafuta ngazi. Muda wote huo kila mmoja alikuwa anambeba mwenzake, na hakuna aliyekuwa na mzigo.

Mama alimuuliza baba, taratibu, mbona hukuniuliza, mwenzangu. Baba akasema angemuulizaje jambo alilomwambia Mungu mwenyewe. Halafu akatazama mikono yake, ile iliyojaa makovu ya sindano, akasema kitu ambacho sijawahi kumsikia akisema. Alisema anaogopa baridi. Alisema anaipenda karakana yake. Mama akalia, na huku analia akasema na yeye anawataka watoto wake wa chekechea, na lile somo lake la lugha alikuwa akilifanya akiomba lisimwingie.

Yule bibi hakuwakemea. Alisema ofisi yake haimtumi mtu kwa Amina ya mwenzake, akawashukuru kwa kusema kweli, na mchungaji akaahidi kwenda nao makanisani, moja baada ya jingine, wakaeleze. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba na mama walishikana mikono barabarani, kitu ambacho mimi na wewe hatujakiona tangu tuzaliwe. Tulipofika karakana, baba aliketi juu ya fremu ya kochi ambalo halijatiwa hata springi. Misumari aliuliza bosi kuna nini, baba akamwambia sogea, nipe nyundo. Misumari akadhani ni mtihani. Tangu siku hiyo wamo humo wawili, hakuna anayejua nani mwenye karakana. Karani wa mapazia amenuna, lakini huyo alinuna tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo hatuendi. Hilo ni la kwanza, na nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa waumini, maana huko tayari limeota miguu na pembe.

La pili ndilo lililonikalisha chini kukuandikia. Hili hawalijui wao.

Yule bibi aliponiweka peke yangu aliniuliza kama nataka kwenda au nawafuata wazazi. Nilikuwa nimeandaa mzaha wangu wa wasichana. Nilifungua mdomo, mzaha haukuja. Kisha nikamweleza habari ya picha moja. Yule mgeni kati ya picha zake alikuwa na moja aliyoipitisha haraka: vijana wamekaa juu ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa, kofia zimewafunika nyuso, mikono mifukoni, hakuna hata mmoja anayetazama kamera. Alisema hao ndio wagumu, hawaji kanisani na hakuna anayewaendea. Kanisa zima lilisikitika. Mimi sikusikitika, niliwatambua. Kukaa ukutani bila kazi nina shahada ya juu. Shule iliponishinda, unakumbuka nilivyoota mizizi pale ukutani kwa fundi magari, mpaka mwalimu wa kwaya akaja akapanda, akakaa kando yangu siku nzima, asiseme neno la Mungu wala la mtu, na jioni akaniuliza kama najua kubonyeza kinanda. Hakuna mahubiri mengine yaliyowahi kunipata.

Nilimwambia bibi nataka kwenda kukaa kwenye ule ukuta. Hilo tu. Nilimwambia nimelitaka tangu picha ile, na sikumwambia mtu, kwa sababu humu ndani walikuwa wameshaitwa wawili, na nikaona wa tatu akijitokeza itakuwa ni kujisifu. Cheka, una haki.

Hakusema haleluya. Aliuliza kama najua kule baridi inapasua midomo. Tulipokuwa tunatoka wote alinishika mkono kwenye ngazi, wazazi wakiwa wametangulia, akasema nikitaka watanipokea kwa mafunzo, kisha nikae chini ya familia nyingine iliyoko kule. Ila kwa sharti kwamba wazazi waniruhusu kwa mdomo wao, wakijua wanachoruhusu, na mimi mwenyewe nisimame makanisani bila baba na bila sare ya kochi.

Sasa, dada, mama anaimba. Tangu jana anaimba jikoni, amefungua masanduku na kurudisha vyombo kabatini kimoja kimoja, ameniambia angalau nyumba yetu haitavunjika. Mimi ndiye kitinda mimba wake, wewe umeshakwenda. Naona kabisa nitakachomfanya, na bado nataka kwenda. Sijui moyo mmoja unabebaje yote mawili.

Nimeamua kesho baada ya chakula, kabla ya sala, nitawaambia. Sitaomba, nitasema. Nikiomba nitakuwa nimewafunga midomo, baba ataitikia, mama ataitikia, na ghorofa litaanza tena. Nitasema kama mtu anayeomba kuongezewa chai, ili anayetaka kunikatalia anikatalie. Mama akisema hapana, nitabaki, na itaniuma, na atajua kwamba inaniuma. Sitamficha.

Na wewe, tafadhali, usiniandikie Bwana asifiwe. Niandikie unavyoona. Kama unaona huyu mtoto amechanganyikiwa, andika hivyo hivyo, nitalisoma neno lako mara mbili kabla ya kukukasirikia.

Msalimie shemeji, mwambie kazi ya kumwonea imebaki kwako peke yako kwa sasa. Mbusu mpwa wangu kwenye mashavu yote. Baba na mama wangekusalimu kama wangejua naandika. Naishia hapa kwa kuwa mama anatuita mezani, na leo zamu ya kuomba ni yangu. Nitashukuru kwa chakula, basi.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku