Sauti ya Mkwe Mnarani

Jumatatu, 2 Februari

Mzigo wa kazi: uwiano kati ya umakini unaodaiwa na shughuli na umakini aliobaki nao rubani. Si wingi wa shughuli. Mtu huweza kuzidiwa na shughuli mbili tu, ikiwa zote zinadai sikio lilelile.

Ndivyo nitakavyowaeleza wanafunzi wa urubani Jumamosi. Nimefuta mfano wa kwanza. Ulipendeza mno hata haukuonekana wa kweli.

Kesho Lubumbashi hadi Kalemie na kurudi. Komanda Ilunga kiti cha kushoto, mimi msaidizi wake, kulia. Mvua kila alasiri. Nimepiga pasi mashati yaliyokwisha kupigwa pasi.

Jumanne, 3 Februari

Tumetua. Niandike kwa mpangilio, maana kichwa hakina mpangilio.

Tukikaribia Lubumbashi, mawinguni, jenereta ya kushoto ilikufa. Skrini za upande wa Ilunga zikazimika. Mtambo unaoshika ndege kwa niaba yetu ukaachia. Akaishika kwa mikono. Jenereta ya kulia ikaanza kuyumba. Ikifa nayo, tungebaki na betri, na betri haina subira.

Kanuni ni moja: anayeendesha haongei na mnara. Redio ilikuwa yangu.

Kisha mnara ukaita. Sauti ya Papa Kasongo, baba mzazi wa mke wa Ilunga. Ilunga akaichukua redio. Kwao, mkwe akikuuliza neno, hulipitishi jibu kinywani mwa mtu mwingine ilhali umeketi papo hapo. Ni kumgeuzia mgongo. Kifaransa cha kazi kilidumu sentensi mbili, kikafuata Kiswahili cha nyumbani; mzee akaanza na idadi ya watu.

"Bantu ngapi ndani?"

"Kumi na ine, Papa."

"Mafuta?"

"Iko ya kutosha, Papa."

"Shida iko nguvu?"

"Hapana, Papa. Kidogo tu. Aksanti."

Kila swali lilikuwa halali. Kila jibu lilikuwa laini. Mnara ukahitimisha kwamba hakuna hatari, ukatuamuru tuzunguke hadi ndege ya wakubwa wa mgodi itue kwanza. "Ndiyo, Papa." Wakati huohuo tulikuwa tukishuka chini ya kimo tulichopewa. Nilisema: kimo. Nikarudia. Hakunisikia; alikuwa akimsikiliza mzee.

Nikabonyeza kitufe changu. "Dharura. Tunatua sasa. Papa, usiulize tena."

Mnara ukaizuia ndege ya mgodi. Kisha njia ikawa yetu.

Injini zilipozimwa Ilunga alivua mkanda, akashuka wa kwanza.

Jumatano, 4 Februari

Hasira, tangu asubuhi. Sijui niielekeze wapi.

Kampuni imetuita kikaoni Jumanne ijayo. Ilunga anaweza kupoteza leseni. Hajui kazi nyingine na hajawahi kutaka kuijua.

Alikuja hapa kwangu, mtaa wa Bel-Air. Aliketi bila kuegemea.

"Mama Régine, useme yote. Lakini ile ya Papa uiache. Useme redio ilinichanganya tu."

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Uongo. Nilikuwa nimekwisha kufikiri.

Hoja ni hii. Nikiificha ya mkwe, Ilunga anabaki rubani aliyepoteza kimo bila sababu. Mzembe. Nikiisema, anabaki mtu mwenye adabu aliyeileta adabu mahali isipopaswa, na mzee wake anakuwa gumzo la parokia nzima. Njia zote mbili zinaumiza. Moja tu ndiyo kweli, na hiyohiyo ndiyo pekee inayoweza kurekebisha chochote.

Hoja imekamilika. Mbona basi nazunguka chumba?

Jumamosi, 7 Februari

Somo. Nilitoa fasili yangu. Mwanafunzi mmoja akainua mkono: "Madame, na kama anayeuliza ni baba yako?" Darasa zima likacheka. Wanajua. Mji huu haujui kutojua.

Nilisema swali halimo katika mtaala. Jibu baya kuliko yote niliyopata kutoa darasani.

Nikatembea hadi mtaa wa Golf na kurudi, bila shughuli yoyote huko. Mvua ilininyeshea kote. Haikusaidia.

Jumanne, 10 Februari

Nimesema yote. Kwa utaratibu, bila kivumishi. Ilunga alitazama meza.

Papa Kasongo naye aliitwa. Alikuwa ameketi mwisho wa chumba, kiti amekigeuza upande ili asikabiliane macho na mkwewe. Akaomba neno.

"Miye ndiye nilimuuliza. Nilisikia heshima, nikazani ni amani."

Nimeishi na vitabu vya somo hili miaka mingi. Hakuna aliyenifupishia hivyo.

Uamuzi: Ilunga asiruke kwa mwezi mmoja, arudie mafunzo, kisha arudi. Leseni imebaki. Na kanuni ya zamani imekazwa: chombo kikiharibika, redio ni ya asiyeendesha, hata mnarani akiwa nani, naye asisite kumwambia mnara usubiri.

Ukumbini mzee alinisimamisha.

"Ni weye ulinifungaka kinywa mbele ya ndege zote? Bibi yangu anajaribu tangu siku ya ndoa, hajaweza."

Nilicheka kwa kuchelewa. Alikuwa amekwisha kuondoka. Ilunga hajanisalimu.

Jumatatu, 16 Machi

Ilunga amerudi. Alinisalimu kwanza, kisha akaisalimu ndege, kwa kofi dogo ubavuni.

Manono na kurudi. Karibu na Lubumbashi taa inayoonyesha kwamba gurudumu moja limeshuka ilikataa kuwaka. Jambo dogo. Alikuwa akiendesha, mimi nikisoma hatua za ukaguzi. Mnara ukaita; sauti ya kijana nisiyemfahamu. Nikamwambia: subiri. Ilunga alitikisa kichwa kukubali.

Taa ikawaka. Nikaita. Yule kijana akasema upepo uliokuwa usoni ulikuwa umegeuka, sasa unavuma kwa nguvu kutoka ubavuni. Ndilo alilotaka kutuambia mwanzo. Tulikuwa bado na nafasi. Ilunga alirekebisha, tukatua vizuri. Alipokuwa akivua mkanda alikuwa akiimba chinichini.

Hakuna aliyekosea leo. Nimelipitia mara kadhaa, kwa utulivu, na hakuna.

Jioni ni shwari. Nimefungua dirisha.

Lakini lile "subiri" hufunga mlango kwa wote wagongao. Anayeulizwa atajuaje, kabla ya kusikia, kama sauti iliyo nje imeleta mzigo au imeleta msaada?