Koti la Oketch

Obunga, Kisumu
4 Agosti 1985

Mpendwa Baba,

Hamjambo huko Usenge? Mguu wa Mama unaendeleaje? Sisi tuko salama, ila mvua inatunyeshea hadi ndani ya nyumba.

Lile koti lako la Burma nimelipeleka kwa fundi Badru. Alipofumua bitana akakuta imeandikwa kwa wino: OKETCH, PAP ONDITI. Wololo! Si ndilo ulilokuwa ukivaa kila Krismasi ukitupigisha kwata uani? Baba, Oketch ni nani?

Binti yako,
Selpha

Usenge
15 Agosti

Selpha mwanangu,

Salamu nyingi. Mguu wa mama yako umepona. Juzi alicheza harusini mpaka nikaona haya.

Umenishika pabaya. Tulikuwa milimani Burma, homa ikanikamata. Oketch alivua koti lake akanifunika. Asubuhi kikosi chake kikaondoka, koti likabaki. Vita vilipoisha nilienda Pap Onditi kulirudisha. Sokoni nikaambiwa jamaa zake wamekwisha kuzika yago, lile tunda tunalozika mtu asiporudi. Sikufika kwao. Ningemwambia nini mama yake, nami nimevaa koti la mwanawe? Aibu hiyo ninayo hadi leo. Badru asilifute jina.

Baba yako

Obunga
2 Septemba

Baba,

Hujambo? Leo salamu ni fupi. Keti kwanza.

Nimefika Pap Onditi. Yago walizika kweli, lakini Oketch alirudi mwaka 1947! Alikuwa amelazwa India, barua hazifiki. Watu walipomwona njiani walitimua mbio, mchungaji mbele. Yu hai, Baba! Ana meno manne na kelele za watu kumi. Koti hana haja nalo, anakutaka wewe. Mama yake naye yupo, miaka tisini na ushee. Amesema uende mwenyewe.

Selpha wako

Pap Onditi
12 Septemba

Selpha,

Hujambo? Mimi mzima, ila sikio linaniuma. Nilisimama mlangoni na maneno niliyoyapanga njia nzima. Yule bibi hakuyasikiliza. Alinivuta sikio, mimi mwenye wajukuu saba, akaniuliza kwa nini nimemkalisha miaka yote hii bila kujua kama ile homa iliniua. Kumbe Oketch aliporudi alimsimulia, na tangu hapo ananiombea kila Jumapili kwa jina. Nililia, nikacheka, nikala ugali mara mbili.

Amekataa niondoke. Mwambie mama yako kuku awafungie mwenyewe.

Baba yako