Risasi Mbili Mfukoni mwa Koti

3 Machi

Dada mpendwa,

Wewe na mama mkwe mnakula lakini? Mimi nipo tu. Uliuliza shemeji alikufaje. Tulikuwa tunamfuata nguruwe pori, tukafika kwenye uzio wa seng'enge. Shemeji akapanda na bunduki mkononi, ikamfyatukia. Polisi nao wameandika hivyo hivyo. Yeye aliyekuwa akitufokea kila siku tutoe risasi kabla ya kuvuka kitu chochote! Koti lake nimempa dereva wa lori akuletee.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Mimi sijambo, mama mkwe anajikongoja. Koti limefika. Nikapekua mifuko kabla ya kuliloweka, maana miaka kumi na tisa nimegombana na mtu huyu kuhusu risasi kwenye beseni langu. Nimekuta mbili, nzima, kwenye mfuko wa kifungo. Bunduki zenu si zinabeba mbili? Basi yake ilikuwa tupu.

Wenzenu wa chama cha wawindaji walikuja kunipa pole. Mmoja akasema, "Mwalimu wetu wa usalama, kumbe naye mzembe." Nikamwongezea chai. Niambie ukweli.

Dada yako

17 Juni

Dada,

Nisamehe kwa ukimya. Mwili ni mzima, ila usingizi sina.

Alitoa risasi zake, akavuka, akanigeukia: "Na wewe toa, bwana mdogo." Nikamwambia aache uoga, nguruwe anatokomea. Nikapanda na risasi ndani, kidole kwenye kifyatulio. Waya ukanishika suruali. Bunduki ikafyatuka, ikampata, akafa pale pale.

Bunduki za chama zimefanana. Nikamwekea yangu mkononi, nikachukua yake. Sikuogopa polisi, Dada. Nilikuogopa wewe uliyenilea. Nifanye utakavyo, ila usinitupe.

Mdogo wako

25 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Barua yako nimempa mwenyekiti wa chama. Ameisoma mbele ya wote, kisha akaipeleka polisi. Yule wa chai alirudi kuniomba radhi, akalia hapo mlangoni.

Nilikubeba mgongoni nikiwa na miaka tisa. Lakini mume wangu nimemzika na aibu isiyo yake, na nilishindwa kumwacha nayo.

Wakija kukuchukua, vaa sweta, mahabusu kuna baridi. Siku za kutembelewa nitakuja. Nitakaa, nikutazame. Kuongea na wewe bado siwezi.

Dada yako